Chupa ya Kwenye Mlango wa Friji

Cape Town, 14 Januari 2023

MamTolo, dada yangu wa ukoo,

Bado nakuona pale mlangoni mwa maabara na masanduku yako, umeshachelewa uwanja wa ndege, unageuka kuniambia nisisahau kulisha seli kila Jumatano. Sijasahau. Natumaini Leiden imekupokea vizuri na umepata koti la maana. Huku joto limetushika, na umeme unakatika kila wanapojisikia kuukata.

Nimekwama, dada, na sina mwingine wa kumwambia.

Seli za yule mtoto wa Novemba zimekomaa. Tangu zilipofika kutoka wodi ya wazazi zikiwa damu ya kitovu ndani ya mfuko, nimebadilisha nusu ya chakula chao kila wiki kama ulivyonifundisha, na giza lilipoingia nilishuka mwenyewe kuwasha jenereta. Sasa zimenona. Ukiziangalia kwa hadubini unaona zimejaa chembe hadi shingoni, zinangoja kuchokozwa tu. Nikazipa kingamwili yetu, ile inayokamata kipokezi cha breki, kisha nikazichokoza. Zikalipuka zote. Sahani nzima ikawa ya manjano, rangi inayotokea chembe zikimwagika. Nikarudia, manjano. Nikarudia na seli za mtoto mwingine, manjano.

Nimetumia chupa mpya iliyokuja baada ya wewe kuondoka. Imeletwa na watu wengine, lakini kingamwili ni ileile.

Profesa Salie hakunigombeza. Alisimama nyuma yangu akanywa chai yake yote, ndipo akakutaja wewe, "Lindelwa akifanya, zinanyamaza. Wewe ukifanya, zinalipuka. Tofauti ni nini, mwanangu, kama si mkono?" Mwisho wa Machi wanaamua nani ataendelea kulipiwa masomo. Usiku naitazama mikono yangu kana kwamba niliiazima.

Kuna jambo jingine. Krismasi nilikuwa nyumbani Ngcobo. Phelo naye alikuja kutoka kiwandani kwake St Helena Bay. Unamkumbuka mdogo wangu, ndiye aliyekuletea maji ya kunawa siku ya msiba wa baba. Sasa yuko kwenye majiko ya kupikia dagaa wa kopo, na ule mvuke umeingia kifuani mwake. Akipanda kile kilima cha nyuma ya kraali ya ng'ombe anasimama mara kwa mara, anajifanya anatazama mandhari. Mama aliponiuliza ninasomea nini hasa, nikamwambia: Phelo ana mbwa kifuani. Kila anaponusa samaki, yule mbwa anabweka mpaka nyumba nzima inaziba pumzi. Lakini mbwa huyo ana sikio la pili, na mimi na Dada Lindelwa tumepata sauti ya kuliambia sikio hilo, "Lala chini." Mama akasema, "Basi harakisheni."

Nasikia jaribio la dawa ya pumu ya hiyo kampuni yako mpya litafanyika Vredenburg, karibu kabisa na kwake, na wanatafuta watu wa viwanda vya samaki. Mwekee Phelo nafasi.

Wako,
Zikhona

*

Leiden, 19 Januari 2023

Zikhona, MamTolo mdogo,

Koti nimepata. Limeshavaliwa na wengi, nilimkuta bibi mmoja sokoni analiuza kwa bei ya mkate. Hapa watu wanakula mkate asubuhi, mchana mkate, na jioni wanakuuliza kama umeshiba. Ningepata bakuli moja la umngqusho, mahindi na maharage yetu, ningelia mbele za watu.

Sasa nisikilize. Mkono wako hauna kasoro. Mimi ndiye niliyeufundisha, kwa hiyo ukiutukana unanitukana mimi. Kasoro ni ya chupa mpya. Watu wale wapya siwaamini. Rudi kwenye chupa yetu ya zamani, iko kwenye mlango wa friji, nyuma ya yale maji ya chumvi. Imebaki kiasi cha kukutosha. Itumie kama ilivyo. Usiioshe. Kingamwili hii ni dhaifu, ukiipitisha kwenye chujio inachoka. Chupa ya kulinganishia nayo, yenye kingamwili isiyokamata kitu, ni ileile ya siku zote, zilitoka sanduku moja, usipoteze muda nayo.

Habari za huku ni nzuri kiasi kwamba naogopa kuzisema kwa sauti. Kampuni tayari ilikuwa na dawa yao inayokamata kipokezi hikihiki. Waliitengeneza kwa ugonjwa mwingine, wakaona haina madhara kwa watu, wakaiweka kabatini. Walikosa sababu ya kuitoa tu. Sahani zetu ndizo zimewapa sababu, Zikhona. Sahani zilizofanyiwa kazi kwenye chumba kisicho na dirisha.

Kuhusu Phelo: asubiri. Kundi la kwanza ni la kupima maji kwa kijiti. Acha wengine watangulie. Zipo dawa anazotumia, azitumie vizuri, na amwombe msimamizi wake amtoe kwenye mvuke.

Msalimie Mama.

Lindelwa

*

Cape Town, 6 Februari 2023

MamTolo,

Zimenyamaza.

Nilitoa chupa ya zamani, nikafuata kila neno lako, nikazichokoza, kisha nikatoka kwenda kununua amagwinya, yale maandazi ya yule mama wa getini, kwa sababu sikuweza kukaa nikiitazama sahani. Niliporudi vishimo vyote vya kingamwili yetu vilikuwa vyeupe kama maji. Vya kulinganishia vilikuwa manjano. Nikamwita Profesa. Akainua sahani kwenye mwanga, akaniangalia, akanipa mkono. Hajawahi kunipa mkono. Vidole vyangu vilikuwa na mafuta ya maandazi, na akajifutia kwenye koti lake.

Sijui nikushukuru vipi. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba kuna kitu ndani yangu kinachoharibu kila nikigusacho.

Ila barua yako ina sehemu moja inayonichoma, na wewe ulinifundisha kutoficha matokeo. Phelo asubiri nini? Jaribio linatafuta watu kama yeye. Uliponikuta siku yangu ya kwanza nimesimama kwenye kona ya maabara sijui pa kuweka begi, ulisema nini? Hukuniuliza nimesoma wapi. Uliniuliza, "Wewe ni wa ukoo gani?" Nikasema, MamTolo. Ukazima mashine, ukanikumbatia, ukawaambia wote, "Huyu ni mdogo wangu, atakayemsumbua ananisumbua mimi." Baba alipofariki ulisafiri usiku kucha ukaja kukaa na mama kwenye godoro la msiba. Kwa hiyo Phelo si mdogo wangu peke yangu.

Kama nafasi zimejaa, sema zimejaa. Lakini usiniambie "wengine watangulie" kana kwamba dawa tuliyoitafuta sisi ni ya watu wa mbali. Mwenzake mmoja wa pale kiwandani, Nozuko, ameshaandikishwa. Wanasimama kwenye jiko moja. Nimweleze nini Phelo?

Zikhona

*

Leiden, 8 Februari 2023

Zikhona,

Umeshinda. Nimemwandikia muuguzi wa Vredenburg, watampigia Phelo simu wiki hii.

Nilikuambia asubiri. Usije ukasahau kwamba nilikuambia.

Na ile pampu yake ya bluu, ya kufungua kifua haraka, asiiweke mbali, hata wakimwambia nini.

L.

*

St Helena Bay, 26 Machi 2023

Dada Zikhona,

Naandika kwa simu, tena nimekaa chooni kiwandani, usihesabu makosa.

Basi mdogo wako sasa ni mtu wa sayansi. Nimepimwa damu, nimepuliza kwenye mrija mpaka nikaona nyota, nimechomwa sindano mbili. Inaweza kuwa dawa, inaweza kuwa maji ya chumvi, hata muuguzi mwenyewe hajui, eti ndiyo haki. Nikamwambia hata bahati nasibu wanakuonyesha namba. Hakucheka. Watu wa sayansi mna shida gani?

Pampu ya kahawia, ile ya kinga ya kila siku, niliiacha kama walivyotaka, wiki nne kabla ya sindano ya kwanza. Wewe uliponihakikishia kwa simu sikuogopa tena. Nozuko naye aliogopa, ana watoto watatu na mume wake yuko kwenye migodi ya Rustenburg. Nikamwambia, "Dada yangu ndiye aliyeitengeneza hii dawa, unadhani atamuua mdogo wake?" Akaiacha na yeye.

Sasa nikwambie ukweli. Bado. Labda niseme inachelewa. Zamani kifua kilikuwa kinaanza kubana saa za kutoka, siku hizi kinaanza kabla ya chai. Mjomba Dawid, msimamizi wetu, ananiambia, "Phelo, unapiga mluzi kama birika, chai iko tayari?" Nikamwambia angoje, dawa inapanda taratibu kama mishahara ya hapa. Jana alinitoa kwenye majiko akanipeleka kwenye vifuniko, leo mtu hakuja kazini akanirudisha.

Muuguzi anasema nivumilie, wengine huchukua muda. Wewe unasemaje? Wewe ukisema nivumilie nitavumilia.

Mama anauliza lini unakuja. Anamwambia kila mtu kanisani kwamba umetibu pumu. Ukija kaa nyuma.

Phelokazi wako

*

Cape Town, 2 Aprili 2023

MamTolo,

Fupi tu, sijalala vizuri.

Wamenipa mwaka mwingine wa kulipiwa. Ninapaswa kufurahi.

Phelo haendi vizuri. Nimeisoma barua yake mara nyingi, kisha nikaenda kuziangalia seli zetu. Sikuzichokoza, nilizitazama tu kwa hadubini. Zile ambazo hazijapewa kitu zinasogea, unazijua, zinajikunja na kujikunjua pembeni kama mtu anayegeuka usingizini. Zile zilizopewa kingamwili ya chupa ya zamani hazisogei kabisa. Seli iliyotulizwa ingeendelea kuishi maisha yake, sivyo? Hizi zimelala kama kokoto.

Labda ni uchovu wangu. Lakini jioni nilichukua matone ya mwisho ya chupa ile nikayaosha kwenye chujio, kisha nikazipa seli. Nisamehe, najua ulinikataza. Nitakuandikia tena nikishapumzika.

Zikhona

*

Leiden, 3 Aprili 2023

Zikhona mpenzi,

Nimeisoma barua yako kwenye simu nikiwa ndani ya treni, nikashuka kituo kisicho changu ili nikujibu.

Usitishike na manjano hayo. Kila anayeiosha kingamwili hii anaona hivyohivyo. Zinalipuka zote kana kwamba hukuzipa chochote, na moyo unakudondoka. Haina maana kwamba tulikosea. Ukiiosha inapoteza nguvu yake, ndiyo maana nilikuambia usiiguse. Sahani hiyo usimwonyeshe Profesa Salie. Ataanza kuuliza maswali ambayo hayana faida kwa yeyote, na wewe ndiyo kwanza umepata mwaka wako. Itupe, lala, Jumatano lisha seli.

Na kuhusu kutosogea, seli za kitovu zina uvivu. Usizisome kama Biblia.

Phelo ameshachomwa ngapi? Mwambie anaweza kujitoa wakati wowote, ni haki yake, hahitaji kutoa sababu. Mwambie hilo leo.

Nakukumbatia,
Lindelwa

*

Vredenburg, 9 Aprili 2023, Jumapili ya Pasaka

Dkt. Lindelwa Mabandla,

Katika barua yangu ya tarehe mbili sikukuambia sahani ilikuwa na rangi gani. Isome tena. Nilisema nimeiosha na nimezipa seli, basi. Nilikuwa sijazichokoza hata, nilipanga kufanya hivyo asubuhi. Barua yako ilifika kabla sijavaa koti la maabara. Ilinifariji kwa msiba ambao sikuwa nimeutangaza.

Nililivaa koti, nikazichokoza. Manjano, kama ulivyosema.

Ndipo nikafanya kile ambacho kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa. Nilichukua ile dawa ya kuhifadhi peke yake, ile azidi wanayotia kwenye chupa ili kingamwili isioze, na ambayo hutoka ukiiosha. Nikaipima kwa kiasi kilekile kilichokuwa ndani ya chupa ya zamani, nikazipa seli bila kingamwili yoyote. Zikanyamaza. Nikageuza chupa ya kulinganishia, ambayo uliniambia isinipotezee muda. Haina azidi, wala ile chupa mpya haina. Haikutoka sanduku moja na mwenzake. Haikutoka hata kwa muuzaji mmoja.

Kwa hiyo hakukuwa na breki. Mbwa hakusikia sauti yoyote ikimwambia alale. Mbwa alikuwa amelishwa sumu, na sisi tukasimama juu yake tukipongezana kwa utii wake. Dawa ya kampuni ni safi, haina azidi. Ndiyo shida yenyewe. Ni safi, na hakuna aliyewahi kuona ikifanya kitu.

Neno azidi limeandikwa kwenye chupa ya zamani, kwa herufi ndogo, chini ya jina la kingamwili. Niliishika chupa ile mkononi miezi yote hiyo. Sikusoma, kwa sababu wewe ulikuwa umeshasoma. Hilo ni langu, sikupi.

Nilimpigia Phelo simu palepale nimwambie arudie pampu yake ya kahawia. Aliyepokea ni Mjomba Dawid. Alisema, "Nani? Dada yake? Njoo, mama. Njoo tu." Alikuwa amemkuta amekaa sakafuni kati ya majiko, midomo ya rangi ya samawati, pampu ya bluu mkononi imekwisha. Walimleta hospitali kwa gari la kubebea makreti.

Yuko hai. Ana mrija puani na ananikasirikia kwa sababu nimekuja bila maandazi. Awe alichomwa dawa au alichomwa maji ya chumvi, kwake ni yaleyale. Kilichomwangusha ni kile alichoambiwa aache, na aliyemhakikishia aache ni mimi.

Hii ni barua ya pili ninayoandika leo. Ya kwanza imekwenda kwa Profesa Salie na kwa wasimamizi wa jaribio, pamoja na picha za sahani zote, zile zako na zile zangu. Jina langu ni la pili kwenye ile makala ya matokeo yetu, baada ya lako. Nimeomba yote mawili yaondolewe.

Niambie kitu kimoja tu. Wewe mwenyewe uliiosha lini ukaona manjano?

Zikhona Mpetsheni

*

Leiden, 15 Aprili 2023

Zikhona,

Unaniandikia kama hakimu, na ulianza kwa kuniita daktari. Sawa.

Nimempigia simu muuguzi, najua Phelo ametolewa mrija. Nilimshukuru Mungu kwa magoti, amini usiamini.

Kipokezi ni cha kweli. Hilo usilisahau kwenye hasira zako. Kipo kwenye seli, na wenzetu kwingine wameonyesha kwamba kikikamatwa sawasawa kinazuia. Tulikosea chupa, hatukukosea wazo. Dawa ya kampuni ni imara kuliko ile yetu, na niliamini, bado naamini, kwamba ingefanya yenyewe kile ambacho sahani zetu zilisema imefanya. Nilihitaji muda tu. Kila wiki nilisema wiki ijayo nitarudia kila kitu kwa usafi, nitarekebisha kabla ya mtu kuumia. Hujui ilivyo kukaa kwenye chumba ambamo watu kumi wanatabasamu na kukusubiri wewe mmoja. Hujui inavyokuwa ukiwa mtu wa kwanza kutoka kwetu kukalia kiti hiki, kila mmoja anangoja kuona kama utakipasua. Umekipasua wewe. Wasichana watakaokuja nyuma yetu wataulizwa wametoka maabara ipi, na wakitaja, mlango utafungwa.

Ungeweza kunipigia simu kwanza. Mtu wa ukoo wako unampigia simu kwanza.

Unaniuliza niliiosha lini. Mimi nakuuliza, nani alikuambia Phelo asubiri? Nani alikuambia, mara moja na mara ya pili? Wewe ndiye uliyenisukuma, ukanitajia msiba wa baba, ukanitajia godoro. Nilijaribu kumweka nje mdogo wako. Hilo nalo lihesabiwe.

MamTolo

*

Cape Town, 7 Mei 2023

Lindelwa,

Nimelihesabu.

Mpaka barua yako ilipofika nilikuwa nimekuachia upenyo mdogo. Nilijiambia labda uliiosha Machi, ukiwa huko tayari, mambo yameshaanza, ukaogopa. Mtu anaweza kuogopa. Ningeweza kuishi na hilo, pengine hata ningekuja kulisahau. Lakini ulimzuia Phelo Januari, katika barua yako ya kwanza kabisa, iliyokuwa na koti na mkate na umngqusho. Wakati huo hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa ameacha pampu yake. Hukujibu swali langu, ila umelijibu.

Na mimi nilikukasirikia. Nilidhani unamnyima. Nilidhani umeshakuwa mtu wa Ulaya, umesahau nyumbani. Kumbe ndiyo siku pekee uliyonikumbuka.

Habari za huku ni hizi. Jaribio limesimamishwa. Wote wameitwa mmoja mmoja na kuambiwa warudie dawa zao. Makala inaondolewa. Profesa Salie hajanilaumu, na hanipi mkono tena, amekuwa mtu wa kusema habari za asubuhi. Mwaka wangu wa kulipiwa wanaujadili upya, kwa sababu waliutoa kwa matokeo ambayo hayapo. Nimeanza na damu ya kitovu ya mtoto mwingine. Kipokezi ni cha kweli, umesema kweli hapo, na nitakitafuta. Chupa zote ninaziosha, hata ambazo hazihitaji.

Chupa ya zamani haikubaki na kitu, lakini sijaitupa. Iko palepale kwenye mlango wa friji.

Phelo amehamishiwa kwenye kubandika lebo, mbali na mvuke. Wamempa jina kule, wanamwita Profesa. Anaitika. Nilikwenda kumwona Jumamosi chumbani kwake, safari hii nikabeba maandazi. Alikula mawili bila kunitazama, kisha akasema, "Huyo MamTolo wako. Alijua?"

Nikamwambia alijua.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaandikishwa."

"Lakini ulisema alikuambia nisubiri."

"Aliniambia."

Akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Basi alinipenda, masikini. Wewe ndiye ulinipeleka kwa nguvu." Aliyasema kwa utani, lakini hakunipa mkono wake nilipoutafuta. Alikuwa anakunja ule mfuko wa maandazi, anaukunja mpaka ukawa mdogo kama sarafu. Nje kwenye ukumbi tulimsikia Nozuko akikohoa. Alikuwa amekuja kumsalimia na alikuwa amesimama kwanza avute pumzi kabla ya kuingia, kama wanavyofanya wote siku hizi.

Phelo akanong'ona ili asimsikie. "Na Nozuko je? Yeye aliambiwa asubiri?"

Nikasema hapana.

"Kwa nini?"

Nozuko ni MaDlomo, Lindelwa. Hana mtu wa ukoo wake Leiden.

Sikuweza kumwambia Phelo hivyo. Nozuko alikuwa ameshaingia, anatucheka kwamba tunateta kama wakwe. Swali bado lipo. Nakuletea wewe, kwa sababu ni lako. Anwani ya muuguzi wa Vredenburg unayo, ndiye uliyemwandikia kwa ajili ya mdogo wetu. Atamsomea Nozuko jibu lako.

Zikhona Mpetsheni